Landrova ya Bwana Shamba, na Juma Nililodhani Akili Inanitoka

Vijana wa gereji mmezoea kunisimamisha njiani na kuniuliza kwa nini niliacha kazi wakati mikono yangu bado ina nguvu. Huwa nawajibu kwamba macho yamechoka. Ni kweli, ila si ukweli wote. Leo nina nafasi, na chai haijapoa, basi nitawaeleza juu ya gari langu la mwisho.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilizaliwa Ujiji, nikafungua kibanda changu nje kidogo ya Mwanga, kwenye barabara ya kwenda Mwandiga, na hapo nimekaa mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Nyie wa sasa mnachomeka kifaa, kioo kinawaandikia kosa liko wapi. Magari yangu hayakuandika kitu. Yalisema kwa harufu, kwa moshi, kwa taa kufifia ukipiga honi. Ilibidi uyasikilize, na wakati mwingine yalikuwa yanasema uongo.

Aliyenifundisha kuyasikiliza ni Mzee Sefu, Mungu amrehemu. Siku yangu ya kwanza kwake aliniachia betri iliyoota ukungu wa kijani kwenye vichwa vyake. Akaniambia, "Ilinde hiyo, kisha unionyeshe." Mimi nikachukua grisi nikaipaka nene, ukungu ukapotea machoni, nikajiona nimemaliza. Mzee akaja, akaifuta grisi kwa kidole, akanionyesha kijani kiko palepale.

"Umemfungia mwizi ndani ya nyumba, halafu ukampa na blanketi," akasema.

Tangu siku hiyo alinilazimisha kuyasema kila asubuhi kabla sijashika spana: fungua upande wa hasi kwanza, safisha, kausha, kaza, ndipo upake. Grisi inakuja mwisho. Grisi haisafishi, inazuia tu unyevu usiingie, na huku kwetu unyevu hauna likizo. Gari likilala karibu na ziwa, asubuhi utalikuta limetoka jasho. Lile linaloshuka mwaloni Kibirizi kubeba dagaa ndilo baya zaidi, maana yale maji ya dagaa yanapenya mpaka usipodhani pana tundu.

Lakini nawaambia habari za Mzee Sefu kwa sababu nyingine. Miaka yake ya mwisho alichanganyikiwa. Nilipokwenda kumjulia hali aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Aliniuliza swali, nikamjibu, akaniuliza tena lilelile. Mtu aliyekuwa anafumba macho na kukutajia waya kwa kuugusa tu alikuwa hajui kama ameshakula. Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu, Mama Zuhura, kwamba naogopa kifo kidogo, lakini kupotewa na akili vile naogopa sana.

Sasa turudi kwenye gari.

Ilikuwa Jumatatu. Landrova ya zamani, ya kijani iliyopauka, ikaletwa ikiwa imevutwa kwa kamba. Nyuma yake, kwenye bajaji, akaja mama mmoja wa makamo yangu, mrefu, ana mwanya wa mbele na kovu dogo juu ya nyusi. Alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye," nami nikaitikia, maana ukiishi huku bila Kiha utapitwa na mengi.

"Gari la marehemu baba," akasema. "Alikuwa bwana shamba. Limekaa uani miaka saba, tangu tumzike. Jumamosi binti yetu anaolewa, na anataka kwenda kanisani na gari la babu yake."

"Jumamosi hii?"

"Hii. Injini fundi mwingine ameshaitengeneza. Umeme ndio umekufa. Lakini sikiliza, fundi. Usafishe, ulinde, usitoe waya hata mmoja. Hizo nyaya baba alizifunga mwenyewe, na hizo nyuzi unazoziona ni mkono wake."

Nikachungulia chini ya boneti. Kweli, nyaya zilikuwa zimefungwa kwa nyuzi za katani, fundo baada ya fundo, kwa nafasi sawasawa kama shanga. Nikamwambia nitajitahidi. Akaniambia jina lake ni Butoyi. Nyie wenyeji wa huku mmeshaanza kunicheka. Mimi nilikuwa nimeinama ndani ya boneti, jina likapita sikioni kama upepo, sikuliuliza lolote. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Jumanne nilifanya kazi kwa raha ambayo sijaipata kwenye magari ya siku hizi. Nilitoa betri, nikavimwagia vichwa vya nyaya maji ya vuguvugu yenye magadi, yale ya kuchemshia maharage. Yanachemka, yanatoa povu, kijani kinakufa. Ukishamaliza suuza kwa maji safi na ukaushe kabisa, la sivyo magadi nayo yatakula chuma. Fyuzi nilizitoa moja moja nikasugua miguu yake kwa kifutio cha penseli cha wanafunzi. Msikimbilie msasa kwenye vitu vidogo. Msasa unaondoa uchafu na unaondoa na ile ngozi nyembamba inayozuia kutu, mwezi ujao umerudi palepale. Swichi za taa nilizifungua, nikakuta buibui ameweka makazi. Nilimhamisha kwa heshima.

Chini, chesisi, yaani chuma kinachobeba gari zima, ilikuwa na kutu. Nikaona siwezi kusafisha umeme wa gari na kuacha miguu yake inaoza. Nikakwangua, nikapaka rangi nyeusi nzito, makoti mawili. Lilipendeza mno. Kumbukeni hiyo rangi.

Jumatano asubuhi yule mama akaja tena, safari hii kwa miguu, akitokea upande wa Mwanga. Akasimama, akazitazama zile nyaya zilizofungwa kwa katani, uso ukakunjamana.

"Fundi, hivi vitu kuukuu bado vimo? Toa vyote, weka vipya. Sitaki gari lishike moto mwanangu akiwa ndani na shela lake."

Nikasimama na bisibisi mkononi. "Mama, si Jumatatu uliniambia nisitoe hata mmoja?"

Akatazama pembeni, barabarani. "Aliyekuambia hivyo si mimi," akasema, na sauti yake ilikuwa baridi. Kisha akaondoka.

Nilijiambia labda ni hasira za msiba, labda hataki nimkumbushe baba yake. Nikafanya kama mtu aliyeamriwa mambo mawili: nyaya za upande wa injini, ambazo ngozi yake ilikuwa imepasuka na kweli zingeweza kuwaka, nikazibadilisha. Za ndani ya gari, ambazo zilikuwa bado laini, nikaziacha na nyuzi zake. Jioni hiyo nilichukua daftari nikaandika: "Jumatatu, usitoe. Jumatano, toa." Sikuwahi kuandika maagizo ya mteja maisha yangu yote. Kichwa changu ndicho kilikuwa daftari.

Alhamisi ndipo mambo yalipoharibika. Nilirudisha betri, nikawasha injini, ikaitika mara moja. Nikafurahi. Nikawasha taa kubwa. Zikawaka kama mshumaa unaokufa, na waipa za kioo zikaanza kutambaa, taratibu, wakati swichi yake sijaigusa. Nikazima. Nikapiga honi. Haikulia, lakini indiketa za mbele zikawaka zote mbili. Nikakanyaga breki, taa ndogo za mbele zikang'aa. Niliwasha kimoja kikaja kingine. Nilizunguka gari lile kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Nilifungua kila kiungo nilichokifunga, kila kimoja kilikuwa kisafi, kimekauka, kimekazwa, kimepakwa. Hakuna nilichokosea, na hakuna kilichofanya kazi.

Katikati ya hayo mama akafika, kwa bajaji, akitoka Mwandiga. Akafungua boneti mwenyewe.

"Hizi nyaya mpya zimetoka wapi?"

"Si uliniambia nitoe, mama? Jana."

"Mimi? Mimi jana nilikuwa shambani kutwa nzima nachimba mihogo ya harusi."

Nilimtazama. Mwanya uleule, kovu lilelile. Hakuwa anatania. Nikamwambia tu, "Njoo kesho saa tatu asubuhi, utalikuta tayari." Nilitaka aondoke nibaki peke yangu.

Alasiri akaja tena, kwa miguu. "Gari litakuwa tayari lini, fundi?"

"Nimekuambia asubuhi. Kesho saa tatu."

"Hujaniambia kitu asubuhi. Lakini haya, nitakuja."

Alipoondoka nilikaa juu ya tairi. Nilimwona Mzee Sefu waziwazi, amekaa kwenye mkeka wake, ananiita kwa jina la kaka yake. Nikajiambia, Yasini, zamu yako imefika. Gari lenyewe sikulilaumu tena. Nilihisi kwamba gari ni zima, ila mimi ndiye ninayepiga honi nikaona taa. Ni vigumu kuwaeleza nyie wenye damu changa hofu ya namna hiyo. Ukivunjika mguu unajua ni mguu. Lakini kile unachokitumia kujua ndicho kikiharibika, utajuaje?

Nyumbani nilimuuliza Mama Zuhura, nikijifanya nauliza jambo la kawaida, kama siku hizi nasahau sana.

"Lini hukusahau?" akasema huku anaparua samaki. "Mwaka ule ulinisahau Kasulu stendi."

Nilicheka, lakini sikumwambia lililonisibu. Nilikula migebuka bila kuisikia ladha.

Ijumaa nilifika mapema. Butoyi akafika wa kwanza, saa tatu kasoro, akakaa kwenye benchi langu karibu na mlango. Nikamsalimia, nikaenda kuchukua testa yangu. Nilipogeuka, nikamwona anaingia getini. Nikatazama benchi, yupo. Nikatazama getini, yupo, anakuja, kitenge cha njano. Yule wa kwenye benchi kitenge chake cha bluu.

Nilifumba macho. Nilikaa nimeyafumba kwa muda, nikisoma moyoni nilichoweza kusoma. Nilipoyafumbua walikuwa wote wawili bado wapo, wanatazamana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja.

"Samahani," nikasema, "mko wangapi?"

Yule wa njano ndiye aliyejibu, akimtazama mwenzake na si mimi. "Tuko wawili. Tumekuwa wawili tangu tumboni. Mimi ni Bukuru."

Wasio wa huku niwaeleze. Pacha kwa Waha, anayetangulia kuzaliwa huitwa Bukuru, anayefuata huitwa Butoyi. Ukisikia moja la majina hayo ujue kuna la pili mahali fulani. Mtoto wa chekechea wa Mwandiga analijua hilo. Mimi nililijua tangu utoto, na bado Jumatatu sikufungua mdomo kuuliza. Hata lile kovu, nilikuja kuambiwa, walilipata siku moja, walipogongana vichwa wakicheza utotoni.

Nilikaa chini palepale, sakafuni, kwenye mafuta. Machozi yalinitoka na kicheko kikanitoka, sikujua kipi kimetangulia.

"Fundi anaumwa?" Butoyi akauliza, kama anayeuliza hewa.

"Simwelewi," Bukuru akasema, naye kama anaiambia hewa.

Hawakuwa wamezungumza tangu msiba wa baba yao. Waligombania gari, likabaki uani kwa Bukuru bila kuguswa na mtu. Binti wa Bukuru ndiye aliyemwendea mama yake mdogo akamwomba, na kila mmoja akakubali kwa sharti kwamba hatakutana na mwenzake. Na mimi, kwa kudhani ni mtu mmoja, nikawapa saa moja wote wawili.

Nilitaka kuwaomba waje kwa zamu. Lakini kupima taa peke yako haiwezekani. Anatakiwa mtu ndani anayewasha na mtu nje anayetazama, na mimi nilikuwa na kazi ya kulala chini ya gari. Nikamweka Bukuru ndani, Butoyi mbele.

"Washa taa kubwa," nikasema kutoka chini.

Bukuru akawasha. Kisha Butoyi, "Fundi, mwambie zimefifia."

"Amesikia, mama."

"Mwambie aonyeshe kulia."

"Fundi, mwambie nimeshaonyesha."

Tuliendelea hivyo kwa muda, mimi katikati napitisha maneno ambayo kila mtu ameshayasikia. Nilichoka. Nikaona nijaribu kitu cha kijinga, kile ambacho Mzee Sefu alikuwa anaanza nacho na mimi nilikidharau kwa sababu injini ilikuwa inawaka vizuri. Nilichukua waya mrefu, ncha moja nikaishika kwenye hasi ya betri, nyingine nikaichoma kwa nguvu kwenye chesisi, mpaka ikapenya rangi.

"Zimewaka," Butoyi akasema. Kisha, bila kunipitia mimi, "Bukuru, zimewaka zote."

"Piga honi nione," mwenzake akajibu, akasahau kuwa honi iko kwake. Akaipiga. Kuku wa jirani wakaruka.

Ilikuwa ethi. Sikilizeni vizuri hapa, maana hili litawakuta. Umeme ukienda kwenye taa lazima urudi kwenye betri, na kwenye magari haya unarudi kwa kupitia mwili wa gari. Katika ile Landrova hasi ya betri ilifungwa kwenye giaboksi, ndiyo maana injini haikuwa na shida. Lakini chesisi na bodi nzima vilitegemea waya mmoja bapa unaotoka giaboksi kuja kwenye chesisi. Waya huo ukikosa mshiko, umeme wa honi hauna njia ya nyumbani, basi unatafuta njia kwa jirani, unapita kwenye indiketa, unapita kwenye waipa, unawasha usichokiwasha. Ukiona gari limerukwa na akili, usilipeleke kwa mganga. Angalia ethi.

Nikaufungua ule waya bapa. Chini yake kulikuwa na rangi nyeusi, nene, nzuri, inang'aa. Makoti mawili. Rangi haipitishi umeme. Mtu aliufungua waya, akapaka rangi, akaukaza juu yake.

Mtu huyo ni mimi, hapakuwa na mwingine kwenye kibanda. Na hapa ndipo sitawadanganya: sikumbuki. Nakumbuka brashi, nakumbuka kopo, nakumbuka hata buibui. Kuufungua ule waya na kuurudisha juu ya rangi sikumbuki hata leo. Kwa hiyo sikuwa nimechanganyikiwa kuhusu wale kina mama, lakini kuhusu rangi nilikuwa nimepotea kweli. Nusu ya hofu yangu ilikuwa bure, nusu nyingine ilikuwa na mguu wa kusimamia. Nilikwangua rangi mpaka chuma kikatoa macho, nikasugua kichwa cha waya, nikakaza, ndipo nikapaka grisi juu. Mikono ilijua la kufanya. Nikawaeleza kina mama kosa lilikuwa langu.

"Na nyaya?" Bukuru akauliza. "Umezitoa au hukuzitoa?"

"Za injini nimezitoa. Za ndani zipo na nyuzi zake."

Walichungulia pamoja chini ya dashibodi, vichwa vikakaribia kugongana tena. Butoyi akagusa fundo moja. Hakuna aliyelalamika.

Butoyi ndiye aliyejua kuendesha. Mpango ulikuwa gari lilale kwa Bukuru, Mwanga, bibi harusi atokee pale. Kutoka kwangu Mwanga ni kulia, Mwandiga ni kushoto. Nilisimama getini kuwaaga. Landrova ikafika barabarani, indiketa ya kulia ikamulika, safi kabisa, nikapumua. Kisha gari likasimama kidogo, likakata kushoto.

Nilijua nimefunga nyaya kinyume, na bibi harusi kesho atapinda huku taa inasema kwingine. Nikasimamisha bodaboda, nikiwa na mafuta mpaka kwenye viwiko, nikamwambia fuata ile Landrova. Hatukuikuta njiani. Tuliikuta Mwandiga, imesimama mbele ya nyumba ya bati jipya yenye migomba ubavuni. Bukuru alikuwa amesimama uani ameshika kiuno, anazunguka kutazama nyumba, jiko, zizi la mbuzi, kila kitu kimoja kimoja.

Sikusalimia. Nilikwenda moja kwa moja kwenye gari, nikawasha kulia, ikamulika kulia. Nikawasha kushoto, ikamulika kushoto. Nikarudia mara tatu. Nikasimama pale, sielewi tena.

"Taa haina kosa, fundi," Butoyi akasema. Alikuwa anapanga viti nje, vitatu. "Nilionyesha kwenda kwake. Ndipo akasema hajawahi kupaona kwangu."

Jumatatu iliyofuata, harusi ikiwa imeshapita salama, nilimweleza Mama Zuhura yote, na yeye akanipeleka hospitali. Waliniuliza tarehe, wakaniambia nihesabu kurudi nyuma, wakasema kichwa bado ni kizima kwa umri wangu, nirudi baada ya muda. Nikafunga kibanda mwezi uleule. Spana nimewagawia nyie. Testa ya Mzee Sefu ninayo bado, na atakayeihitaji aje, ila anitajie jina lake lote kabla hajakaa.